Daraja limesimama, barabara imeondoka: jibu kwa mnunuzi wa mpunga wa Mbarali

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Mimi nanunua mpunga vijijini huku Mbarali na kuupeleka Igurusi na Makambako. Kijijini kwetu tulijengewa daraja jipya la zege, limenyanyuliwa juu, nguzo nene, tukashukuru sana. Mvua za mwezi wa tatu mto ukaja mkubwa kuliko tulivyozoea. Maji hayakufika hata kwenye boriti za daraja, lakini asubuhi tulikuta tuta la barabara upande mmoja limezolewa lote, daraja limebaki peke yake mtoni. Lile drifti la zamani lililo chini zaidi, ambalo maji hupita juu yake kila mwaka, halikuguswa. Wazee wanasema mafundi wa siku hizi wanalipua kazi. Wengine wanasema lingejengwa juu zaidi. Naomba utueleze, daraja linajengwaje ili lihimili mafuriko makubwa, na letu limekosewa wapi?"

Marahaba, mwanangu, na kamwene. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu umeona kitu ambacho wengi wanaopita juu ya madaraja hawakioni: maji hayakufika kwenye boriti. Jibu liko hapo. Daraja lenu halikukosa kimo. Limekosa nafasi. Mlango ulioachwa kati ya ukuta mmoja na mwingine hautoshi mto wenu siku unapokuja na nguvu zake zote. Mngelinyanyua mita 2 zaidi, fedha nyingi zingekwenda na tuta lingeondoka vilevile, pengine mapema zaidi, maana tuta likiwa refu ndivyo linavyozuia maji mengi nyuma yake.

Na wazee wasiwalaumu mafundi haraka. Daraja lililosimama usiku wote ule zege lake ni zuri na nondo zake zipo. Kosa la namna hii hufanyika mezani, kabla mkandarasi hajashusha hata lori moja la kokoto: ni pale inapoamuliwa daraja liwe na mita ngapi, na sehemu iliyobaki ya bonde ijazwe kifusi. Mita moja ya daraja ni ghali, mita moja ya tuta ni rahisi. Kila anayebana bajeti anaanza kukata hapo. Linaniuma, kwa sababu nimeshuhudia bajeti ikibanwa hivyo mara nyingi, na anayelipa ni wewe uliyekwama na magunia yako ng'ambo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mto wenu ukifurika unatandaa mita 120, kina chake ni mita 1, na unakwenda polepole, mita 1 kwa sekunde. Hizo ni mita za ujazo 120 zinazopita kila sekunde. Sasa tuta linakuja kulikata bonde lote na kuacha mlango wa mita 30. Maji hayakupungua, yote yanatakiwa kupita hapo. Hata yakipanda hadi kina cha mita 1.5 mlangoni, itabidi yaende karibu mita 2.7 kwa sekunde. Na nguvu ya maji haipandi sambamba na mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Kwa mita 2.7, msukumo ni zaidi ya mara saba ya ule wa mto uliokuwa ukitambaa mashambani. Mto wa upole mmeugeuza kuwa bomba la zimamoto, na bomba lenyewe mmelielekeza kwenye kona ambapo zege la daraja linakutana na kifusi cha tuta.

Kona hiyo ndiyo inayoanza. Nimewahi kusimama usiku na tochi nikiitazama. Kwanza maji upande wa juu yanajikusanya na kutulia kama bwawa, mtu angedhani mafuriko yamekoma. Kisha unaona kijimkondo kikizunguka nyuma ya ukuta wa daraja, chembamba kama mkono, kimechafuka kuliko maji mengine. Hicho kinabeba moramu, udongo wa changarawe uliojengea tuta. Ukiona hivyo ondoa watu, usingoje. Moramu iliyoshindiliwa vizuri ni ngumu kama tofali wakati wa kiangazi, lakini maji yanayokimbia yakishaingia ndani yake inayeyuka. Ama maji yanafurika juu ya tuta, yanaporomokea upande wa chini, na kulichimba kutoka miguuni kurudi juu. Lami inabaki ikining'inia hewani kama ulimi, halafu inakatika vipande. Usiku ule lori lilikuwa limepita hapo dakika chache tu kabla.

Sasa drifti lenu la zamani. Halikupona kwa bahati. Liko chini, halizuii kitu, mto ukijaa unapita juu yake na kuendelea na safari. Hakuna bwawa nyuma yake, kwa hiyo hakuna tofauti kubwa ya kimo cha maji kati ya upande wa juu na wa chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoua matuta. Aliyelijenga alikubali jambo moja kwamba barabara itafungwa saa kadhaa au siku mbili kila masika. Akalipa kwa muda, hakulipa kwa daraja.

Lakini naomba usilipende drifti hilo kupita kiasi. Maji ya kina cha sentimita 30 tu yanayokimbia yanaweza kulielesha gari dogo. Sentimita 60 zinaondoka na magari mengi, yakiwemo yale makubwa ya magurudumu manne ambayo wenye nayo hujiamini sana. Bodaboda hata hazifiki huko. Watu wetu wamekufa kwenye madrifti kwa kuharakia safari ambayo ingeweza kungoja hadi kesho. Waambie vijana wako wanaoendesha: kama huoni kingo za zege, hujui kama bado zipo.

Kwa kijiji chenu mimi ningechanganya njia hizi mbili. Daraja lililopo libaki, halina kosa. Badala ya kulirudisha tuta kama lilivyokuwa, iwekwe milango mingine kwenye tuta lenyewe, makalavati mapana ya mraba, mbali na mkondo mkuu, pale ambapo mafuriko hupenda kutandaa. Kisha kipande kimoja cha barabara, mita 40 au 50, kishushwe makusudi kiwe chini kuliko boriti za daraja, kivikwe zege juu na mteremko wake wa chini ulindwe kwa mawe. Mto ukizidi kile daraja linachoweza kupitisha, maji yapite hapo na yasije kutafuta njia yake kwenye kona. Wahandisi wengi huona aibu kuchora barabara ambayo wanajua maji yatapita juu yake. Mimi sioni aibu. Kila daraja lina mafuriko yatakayolizidi, na ni afadhali tuchague sisi wenyewe mahali maji yatakapopita siku hiyo.

Kwa barabara kuu ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, hilo haliwezekani kwa urahisi. Pale mizigo ya Zambia na Kongo inapita usiku na mchana, na saa sita za kufungwa zinatengeneza foleni ya kilomita nyingi. Huko dawa ni moja, daraja refu zaidi na makalavati mengi zaidi kwenye matuta, gharama iwe ilivyo. Lakini uzito wa magari siyo mzigo mgumu zaidi kwa madaraja ya barabara hiyo. Lori tunalipima kwenye mzani, tunajua tani zake. Mto hakuna anayeupima hivyo.

Nirudi kwenye Usangu, tambarare yenu ya huko Mbarali, kwa sababu mahali mlipo pana ugumu wake. Mito yenu, Chimala, Kimani, Mbarali na mingine, inateremka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto. Aliyewahi kupanda ile barabara ya Chimala kwenda Matamba yenye kona 57 anajua mteremko wenyewe ulivyo. Mto ukija kwa mwendo ule unabeba mawe, kokoto na mchanga. Ukifika tambarare, kasi inaisha ghafla na mzigo unatuliwa papo hapo. Mwaka hadi mwaka mto unajaza njia yake, unainuka, halafu siku moja unaiacha na kutafuta nyingine pembeni. Na barabara kuu imepita pale pale, miguuni pa mlima, mahali ambapo mito bado haijaamua ielekee wapi. Wapimaji wa zamani hawakufanya makosa: mlimani hapapitiki na tambarare yenyewe ni tope. Ila aliyejenga hapo lazima ajue kwamba mto anaouona leo siyo lazima uwe mto wa miaka 20 ijayo. Nenda Kyela uone Mto Songwe. Umehamahama hadi mpaka wa Tanzania na Malawi ukawa unahama nao.

Mto ukibadili uelekeo, nguzo zinapata taabu hata kama mto haukuongezeka tone. Nguzo nyingi za madaraja yetu ni kama kuta, nyembamba kwa mbele na ndefu kwa kufuata maji. Chukua ukuta wenye unene wa mita 1.2 na urefu wa mita 12. Maji yakija sawa na uelekeo wake, yanakutana na mita 1.2 tu. Mto ukigeuka nyuzi 15, badiliko ambalo kwa macho huwezi hata kulitambua, maji sasa yanakutana na kizuizi cha zaidi ya mita 4, na shimo yanalochimba mguuni pa nguzo linakuwa na kina zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kwenye mito inayohama kama yenu napendelea nguzo za duara. Nguzo ya duara haijali maji yanatoka wapi.

Hilo shimo ndilo nataka nikae nalo zaidi, maana madaraja mengi duniani hayaanguki kwa kusukumwa na maji wala kwa kuzama. Huanguka kwa kuchimbuliwa chini. Maji yakigonga nguzo hayana pa kwenda, sehemu yake inashuka chini kwa kasi, inafika sakafuni, inajizungusha kuikumbatia nguzo kwa umbo la kwato ya farasi, na kila mzunguko unaondoka na mchanga. Kipimo cha kukumbuka ni hiki. Kwa nguzo yenye pua ya duara iliyokaa sawa na mkondo, shimo linaweza kufikia kina cha mara 2.4 ya unene wa nguzo. Nguzo ya mita 1.5 inaweza kuchimbiwa shimo la mita 3.6. Angalia basi kitu cha kushangaza: mkinenepesha nguzo mkidhani mnaiongezea nguvu, mnaongeza pia kina cha shimo litakaloiangusha.

Mwaka mmoja, mkoani Iringa, niliitwa usiku kwenye daraja ambalo maji yalikuwa yamepanda sana. Tulifunga kipande cha chuma cha reli kwenye kamba, tukapiga mafundo kila nusu mita, tukakishusha kutoka kwenye kingo za daraja upande wa juu, karibu kabisa na nguzo ya pili. Kiangazi, kutoka pale juu hadi mchangani ilikuwa mita 7. Usiku ule kamba ilikwenda fundo baada ya fundo, nikadhani chuma kimechukuliwa na maji, hadi ikagota kwenye mita 10 na nusu. Msingi wa nguzo ile ulikuwa umebakiwa na chini ya mita moja ya udongo wa kuukalia. Nikafunga daraja. Madereva wa mabasi walinisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Wiki tatu baadaye maji yalikuwa yamepungua, mto umetulia, na watoto walikuwa wakicheza chandimu kando ya nguzo ileile. Mkubwa mmoja alikuja kukagua, akatazama mchanga ulio tambarare kama uwanja, akaniuliza, "Mhandisi, shimo liko wapi?" Nilichukua nondo ya milimita 16. Nilipoikandamiza mchangani mita 5 kutoka kwenye nguzo, ilizama shubiri moja ikagota. Nilipoikandamiza karibu na nguzo, iliingia kwa mkono mmoja hadi kwapa likagusa mchanga, kama naichomeka kwenye uji. Mafuriko huchimba shimo yakiwa makali, na yanapopungua hulifukia kwa mchanga mlegevu. Ukikagua daraja mwezi wa nane kwa macho tu, hutaona lolote. Mchanga ule haubebi kitu. Mafuriko yajayo yatauondoa kwa nusu saa ya kwanza, yaanze kuchimba pale yalipoishia.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie, jimbo la New York, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata lilipata mafuriko makubwa likahimili, watu wakaliamini. Misingi yake ilikuwa mifupi, imekaa juu ya udongo mgumu ulioaminika hauchimbiki, ukilindwa na mawe yaliyopangwa kuzunguka nguzo. Mawe yale yaliondoka kidogo kidogo kwa miaka, na hakuna aliyeangalia chini ya maji. Tarehe 5 Aprili 1987 nguzo ilizama kwenye shimo lake, daraja likaenda nayo, na watu 10 wakafa. Baada ya hapo serikali yao iliagiza majimbo yapime hatari ya kuchimbuliwa kwa madaraja yake. Swali likawa msingi umekwenda chini kiasi gani, na sisi tungeanza kuuliza hilohilo.

Kwa hiyo siku mkiitwa kwenye mkutano wa kuonyeshwa mchoro wa daraja, msiulize kwanza kimo. Ulizeni msingi unafika wapi, na je, ukiondoa mchanga wote ambao mto unaweza kuuchimba, daraja bado litasimama? Pakiwa na mwamba karibu, kama ilivyo kwa mito mingi ya huku Iringa, msingi ukae kwenye mwamba wenyewe na siyo juu ya mawe yaliyojilundika ambayo fundi ameyadhania mwamba. Pasipo na mwamba, kama Kyela au katikati ya Usangu, hakuna ujanja ila paili, zile nguzo ndefu za zege zinazozamishwa ardhini mita nyingi. Ni ghali, na hakuna mgeni rasmi atakayeziona siku ya kukata utepe.

Mawe ya kulinda nguzo yanasaidia, lakini yana masharti yake. Kwa maji ya mita 3 kwa sekunde kwenye nguzo ya duara, jiwe linahitaji kipenyo cha karibu sentimita 43, yaani zaidi ya kilo 100 kila moja. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe unaohitajika huongezeka mara 64. Siyo mara 2 wala mara 4. Naona mawe ya kujengea msingi wa nyumba yakimwagwa kwenye nguzo za madaraja na kuitwa ulinzi. Hayo ni chakula cha mto. Magabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, ni afadhali kwa sababu waya unayashika mawe madogo yawe kitu kimoja, ila waya ukichubuliwa na kokoto zinazobebwa na mto, au ukikatwa na mtu anayetaka kujengea banda la kuku, kazi imekwisha. Na chini ya mawe lazima kiwekwe kitambaa cha kuchuja, la sivyo mchanga unafyonzwa kupitia katikati ya mawe, nayo yanazama yakiwa yamepangwa vizuri vilevile.

Hapo niseme neno kuhusu mchanga, na najua nitawaudhi baadhi ya vijana. Anayechimba mchanga wa kujengea chini ya daraja anafanya kazi ya mafuriko wakati wa kiangazi. Akiondoa mita 1 ya sakafu ya mto, amefupisha msingi kwa mita 1. Hata akichimba mbali kidogo upande wa chini, shimo lake linapanda na mto hadi kwenye nguzo. Ureno, tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro liliporomoka usiku wakati mto umejaa, likachukua basi na magari, wakafa watu 59. Mto ule ulikuwa umechimbwa mchanga kwa miaka mingi. Waziri aliyehusika na ujenzi alijiuzulu. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mwenyekiti wa kijiji chenu anaijua, kwa sababu huitaja watu wanapolima mabondeni. Aitaje pia tipa linapoteremka mtoni.

Halafu yapo magogo. Mafuriko ya Nyanda za Juu Kusini hayaji na maji matupu. Rungwe na Kyela yanakuja na migomba, Mufindi na Njombe yanakuja na vipande vya misindano na mikaratusi, kwenu yanakuja na miti mizima iliyong'olewa na mizizi yake. Nguzo yenye pua ya duara inasukumwa na maji nusu tu ya vile inavyosukumwa ile ya mraba: kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde ni kama kilo 320 kwa kila mita ya mraba, dhidi ya 640. Lakini mti mmoja ukinasa pale, wa pili unanasa kwa wa kwanza, mabua ya mahindi yanaziba matundu, na duara lako limegeuka ukuta. Rundo la upana wa mita 6 na kina cha mita 1.5 linasukumwa kwa karibu tani 6, na maji yanayopita chini yake yanachimba msingi zaidi. Kalavati ndogo za mabomba ya duara huziba kabisa kwa mgomba mmoja. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba mlango mmoja wa mita 20 una faida kuliko minne ya mita 5, hata kama kwenye hesabu vinapitisha maji sawa. Anayetaka kuona mfano mzuri aende Rungwe, kwenye Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira. Ni tao moja la mwamba wa volkano, kutoka ukingo hadi ukingo, halina nguzo majini. Mto haukupewa cha kushika wala cha kuchimba.

Kimo nacho kina kazi yake, nisije nikaonekana nakidharau. Maji yakifika kwenye boriti, mambo mawili hutokea pamoja. Zege likizama hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na kama hewa imenaswa kati ya boriti, daraja linataka kuelea. Wakati huohuo maji yanalisukuma ubavuni. Sakafu nyingi za madaraja zimekaa tu juu ya mipira ya beringi, vile vipande vya mpira vilivyo juu ya nguzo, kwa uzito wake, hazijafungwa. Hivyo zinateleza na kuanguka, na nguzo zinabaki zimesimama tupu. Mwaka 2005, kimbunga Katrina huko Marekani kilizing'oa hivyo sehemu za daraja la barabara kuu lililovuka ziwa Pontchartrain. Kinga yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, vizuizi vya zege pembeni mwa boriti, vyuma vya kuishika sakafu isinyanyuke, na matundu madogo ya kutoa hewa. Kwenye bajeti ya daraja zima ni kitu kidogo, na sioni sababu ya kuviacha.

Utasikia pia wataalamu wakisema daraja limejengwa kwa "mafuriko ya miaka 100". Wananchi wengi husikia kwamba hayaji tena hadi wajukuu wazeeke. Maana yake ni kwamba kila mwaka, kila masika, yana nafasi 1 kati ya 100 ya kutokea. Ukipiga hesabu kwa maisha ya daraja ya miaka 50, nafasi ya kuyapata angalau mara moja ni karibu asilimia 40. Kwa kalavati la kijijini lililokadiriwa kwa mafuriko ya miaka 25, ndani ya miaka 10 tu nafasi ni kama 1 kati ya 3. Na makadirio yenyewe yametoka wapi? Kwa mito isiyo na vipimo, njia iliyotumika sana Afrika Mashariki ni ile iliyotolewa na watafiti wa barabara wa Uingereza mwaka 1976, kwa kupima mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini haikuijua Usangu, na haikuzijua mvua za miaka hii. Mhandisi mwangalifu hupata jibu lake la mezani, kisha huenda kuwauliza wanaoishi kando ya mto.

Ndiyo maana nina ombi kwako, na lifanye kabla mvua za Novemba hazijaanza, maana mvua ya kwanza itafuta kila kitu. Nenda na wazee wale wale wanaolaumu mafundi. Tafuteni mstari wa tope na majani makavu kwenye miti, kwenye kuta za nyumba, kwenye nguzo za daraja lenyewe. Pigeni mstari wa rangi ya mafuta kwenye nguzo mahali maji yalipofika, andikeni mwezi na mwaka. Fanyeni hivyo pia kwenye mti mmoja mkubwa upande wa juu na mmoja upande wa chini. Tofauti ya kimo kati ya alama hizo ndiyo itakayoonyesha tuta lilikuwa limezuia maji kiasi gani. Kisha waulizeni wazee mto ulipita wapi walipokuwa vijana, na mafuriko ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 yalifika nyumba ya nani.

Peleka maelezo hayo kwa maandishi. Kama barabara hiyo ni ya kijiji au wilaya, ni kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kama ni ya mkoa au kuu, ni kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ofisi ya mkoani. Bakia na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiombe daraja jipya. Omba, kabla tuta halijarudishiwa, wapime upana wa mto ulipofurika na waonyeshe mlango uliopo unapitisha kiasi gani. Na uwaombe waje na nondo ya milimita 16, waichomeke kando ya kila nguzo mbele yenu, muone inazama hadi wapi.